Runinga ya Kusoma Mikono

Mdogo wangu hasikii. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, tukiwa kwetu Budalang'i, na alipopona tulidhani amekuwa mkaidi, maana tulimwita asiitike. Mama ndiye aliyegundua, siku alipoangusha sufuria nyuma yake naye hakushtuka. Baadaye alipelekwa shule ya watoto wasiosikia, akajifunza lugha ya ishara, na kila likizo alinifundisha mimi, kwa ukali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Nikikosea ishara alinipiga kofi dogo mkononi na kunirudisha mwanzo.

Leo sisi ni watu wazima. Tunashona sare za shule katika chumba kimoja karibu na soko la Busia, mimi nakata, yeye anashona, na anaishi nasi, mimi na mume wangu ambaye ni fundi wa mawe. Watoto wangu wako shule za bweni. Kila nitakapoandika hapa kwamba mdogo wangu alisema, ujue alisema kwa mikono, na usidhani kwa sababu hiyo alisema polepole.

Runinga tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa nyuma. Mume wangu alipewa na mtu aliyemjengea nyumba. Kwenye kona ya chini, upande wa kulia, ilikuwa na doa la zambarau lenye ukubwa wa sahani ya kikombe. Hatukulijali. Habari tulizisikia, picha tuliziona, na doa lilikuwa pembeni. Ilichukua miaka mitatu kabla sijatambua ni nani anayesimama kwenye kona hiyo wakati wa taarifa. Anasimama mkalimani wa lugha ya ishara, ndani ya kisanduku chake kidogo. Kwa miaka mitatu mdogo wangu aliketi nasi kila jioni mbele ya taarifa ya habari, na mtu pekee aliyekuwa akizungumza naye alikuwa amezama ndani ya doa.

Mbona hakusema? Nilimuuliza baadaye. Alisema alisema. Aliniambia mara mbili mwaka wa kwanza, nikamjibu kwamba tutaangalia, kisha akachoka.

Nilijua haya yote kwa sababu ya Jumapili moja jioni, msimu wa mvua ndefu. Tulikuwa tunakula. Taarifa ya saa moja ikaanza na picha za maji, na kabla msomaji hajataja jina la mahali nililitambua paa la kanisa letu la nyumbani. Tuta la mto Nzoia lilikuwa limepasuka. Mama yetu alikuwa huko peke yake.

Niliruka nikiwa na mchuzi mkononi. Nilipiga kelele, nikaanza kulia, nikachukua simu na kutoka nje kutafuta mtandao, maana ndani ya nyumba yetu simu husumbua mvua ikinyesha. Mdogo wangu alinishika nguo na kuuliza, "Nini?" Nikamwonyesha kiganja: ngoja. Mume wangu naye akatoka nyuma yangu.

Simu ya mama haikupatikana. Nikampigia jirani, haikupatikana. Nikampigia katekista, naye akasema anauliza. Nilisimama chini ya ukingo wa paa nikipiga na kupiga mpaka, baada ya kama saa nzima, mama mwenyewe akanipigia kwa simu ya mtu. Yuko shuleni, kule juu palipoinuka, pamoja na wenzake wengi. Kuku wote wamekwenda na maji. Yeye hana hata jeraha.

Nilirudi ndani nikicheka na kulia. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa koti, viatu vya mpira mkononi, uso umekauka. Alikuwa ameona maji, ameliona kanisa, ameniona nikilia na kukimbia. Basi. Hakuna mtu aliyemwambia neno.

Nilimweleza haraka kwamba mama ni mzima, niliongea naye sasa hivi.

Aliweka viatu chini. Kisha alisema jambo ambalo sijalisahau: "Kwa saa nzima mama alikuwa amekufa."

 Sikuweza kula tena; niliketi nikiliangalia lile doa la kona, na ndipo nilipotambua ni nani aliyefichwa ndani yake.

Asubuhi, kabla hatujafungua chumba cha kushonea, nilimwambia mume wangu kwamba nanunua runinga. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema vizuri, mvua ikiisha ana kazi ya ukuta huko Alupe, akilipwa tutaangalia. Nilisikia hilo neno, tutaangalia, na nikajua ni neno langu mwenyewe.

"Sitangoja ukuta," nikamwambia. "Nina pesa za ovaloki."

Ovaloki ni ile cherehani inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke nyuzi. Hatukuwa nayo. Kila jioni tulibeba sketi na kaptura kwa jirani mwenye mashine hiyo, tukamlipa kwa kila kipande. Kwa muda mrefu nilikuwa naweka pesa za kununua yetu, na zilikuwa zimefika elfu kumi na nane.

Mdogo wangu nilipomwambia alikataa kabisa. "Ovaloki inatulisha," alisema. "Runinga inatulisha nini?"

"Wewe hujui njaa yako," nikamjibu. Nilikosea kumjibu hivyo, lakini nilikuwa nimekwishaamua, na nikiamua jambo mimi husikia vibaya kuliko yeye.

Siku hiyo hiyo mchana niliingia duka kubwa la vifaa vya umeme barabara kuu ya Busia. Runinga zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, zote zikionyesha samaki wa rangi. Muuzaji mwenye shati jeupe alinikaribisha vizuri. Akaniambia hii inaingia intaneti, hii unaizungumzia inakusikia, hii ina rimoti ya uchawi. Nikamwambia mimi nataka ya kuonea mikono.

"Mikono gani, mama?"

"Ya yule mtu wa kona. Anayetafsiri taarifa."

Alicheka kidogo, kwa adabu, akanipeleka kwa moja iliyoandikwa inchi thelathini na mbili. Mimi ni fundi wa nguo. Tepu hukaa shingoni mwangu hata nikienda kanisani. Niliitoa nikapima upana wa kioo, kushoto mpaka kulia. Ishirini na saba na nusu.

"Boss, hii si thelathini na mbili. Mnatuibia inchi nne na nusu."

Nilisema kwa sauti. Wateja waligeuka. Yule muuzaji akachukua ncha ya tepu yangu, akaiweka kona ya juu kushoto, akaivuta mpaka kona ya chini kulia, akanionyesha: thelathini na mbili kamili, kasoro uzi mmoja. Runinga hupimwa mshazari, akaniambia, kona hadi kona. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikuwa na la kufanya. Lakini niliondoka dukani na kitu cha kunifaa. Nilikuwa nimejua namna ya kupima.

Nyumbani nilifanya kazi niliyoizoea. Nilipima sebule yetu: kutoka ukutani mpaka kwenye kochi analokaa mdogo wangu ni futi tisa. Nikachukua karatasi za kaki, zile tunazokatia vielelezo vya nguo, nikakata mistatili mitatu: ya inchi thelathini na mbili, ya arobaini na ya arobaini na tatu, zote mshazari. Kwenye kila karatasi nikachora kisanduku cha mkalimani kwenye kona, kwa kukisia tu ukubwa wake. Nikazibandika ukutani kwa pini. Kisha nikaketi kwenye kochi lake na kuangalia.

Kwenye ya thelathini na mbili kisanduku kilikuwa kama kiganja changu. Kwenye ya arobaini na tatu kilikuwa karibu sawa na daftari la shule. Hesabu ilikuwa imekwisha kwangu. Inchi arobaini na tatu, wala si pungufu. Mdogo wangu alisimama mlangoni akiniangalia nikizunguka na pini mdomoni. Sikumuuliza anaonaje. Nilikuwa nafanya haya yote kwa ajili yake, na haikunijia kwamba ningemuuliza.

Shida ni kwamba kwa pesa zangu hakuna aliyekuwa na arobaini na tatu Busia. Nilizunguka maduka matano kwa siku mbili. Wengine walinipa kiti, wengine waliniambia niongeze pesa na kuendelea kuangalia simu zao. Mteja wetu mmoja, mama wa watoto wawili ambao tuliwashonea sare, akaniambia kuna mtu Malaba anaziuza kwa bei ya chini, elfu kumi na saba, kwa sababu anazitoa moja kwa moja kwa wenye malori. Jumatano niliacha mdogo wangu na cherehani, nikamwambia naenda kununua vifungo, nikaenda Malaba.

Mtu huyo alikuwa na chumba nyuma ya duka la mabati. Maboksi yalipangwa hadi darini, na runinga moja tu ilikuwa imetolewa na kuwashwa mezani, imeandikwa 43 kwa karatasi ya kijani. Ilikuwa nzuri kwa macho. Nyembamba, nyeusi, maua yakifunguka ndani yake polepole. Moyo wangu ulishaibeba kabla sijaigusa.

Nikatoa tepu. Kona hadi kona: thelathini na tisa na nusu.

"Hiyo hupimwa pamoja na fremu, dada," akasema.

Nikapima pamoja na fremu. Arobaini na moja.

"Tepu yako imelegea."

"Hii tepu inavalisha watoto wa shule tatu," nikamwambia. "Haijalegea."

Akacheka, akapunguza elfu moja hapo hapo. Nikamwambia aweke stesheni ya Kenya nione taarifa. Hana antena, maua yanatoka kwenye flash. Nikamwambia basi afungue boksi nitakalobeba. Boksi halifunguliwi, ukifungua umenunua. Risiti? "Risiti ya nini, kwani unaenda kuuza?"

Ningependa kuandika kwamba niligeuka nikaondoka. Sikugeuka. Nilisimama pale nikijiambia kwamba thelathini na tisa na nusu bado ni kubwa, kwamba antena ni ya kununua tu, kwamba mimi si mtu wa kurudi mikono mitupu. Pesa nilikuwa nimeshazitoa kwenye sidiria. Yule mtu akaanza kulifunga boksi kwa leso kubwa ya maua, huku akinielekeza.

"Ukisimamishwa na askari barabarani, sema ni kioo cha dirisha."

Hapo ndipo nilipoamka. Mimi, mama wa watu, nikae kando ya barabara nikimwambia askari kwamba nimebeba kioo cha dirisha? Nikarudisha pesa mahali pake. Yule mtu aliniita mara tatu, kila mara kwa bei ya chini zaidi, na kadiri alivyoshusha ndivyo nilivyozidi kuogopa kile kilichokuwa ndani ya boksi.

Nilifika nyumbani bila runinga na bila vifungo. Mdogo wangu aliangalia mkoba wangu, akaangalia uso wangu, akazima cherehani.

"Ulienda wapi?"

Nilimweleza, maana uongo wa pili ungenichosha. Nilitarajia anicheke kuhusu kioo cha dirisha. Hakucheka.

"Macho ni ya nani?" aliuliza.

"Yako."

"Sasa mbona unaenda Malaba na macho yako, yangu ukiyaacha hapa?"

Nilijitetea. Nikamwambia kuhusu karatasi ukutani, futi tisa, kisanduku cha daftari. Alinisikiliza, yaani aliniangalia mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwamba tangu Jumapili ile nakimbia huku na huko kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe anayetaka kukilipa haraka ili asahau. Kama ni runinga yake, twende pamoja. Na yeye ndiye atakayechagua. Na kama hakuna inayofaa, tutanunua ovaloki, na nisilie.

Nilikubali. Haikuwa rahisi kwangu kukubali.

Ijumaa, kabla ya saa saba mchana, tulienda duka dogo karibu na stendi. Nililipita mara nyingi bila kuingia kwa sababu lilionekana kama la redio na pasi tu. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani, ameketi nyuma ya kaunta akila njugu. Ndani kulikuwa na runinga nne. Nikamwambia tunataka kuona taarifa ya saa saba kwenye runinga zake, zote zikiwa zimewashwa pamoja, na mdogo wangu aziangalie akiwa mbali futi tisa.

"Futi tisa zinatoka nje ya mlango," akasema.

"Basi ataangalia akiwa nje."

"Mtanizuilia wateja."

"Sisi ndio wateja, mama. Hatuondoki leo bila kuona."

Aliniangalia juu ya miwani. Akamwangalia mdogo wangu, ambaye tayari alikuwa amechukua tepu shingoni mwangu na kuanza kupima sakafu kutoka kwenye rafu, akipita katikati ya birika za umeme na feni, hadi nje kwenye veranda ambapo watu wa boda boda huegesha. Akaweka alama kwa chaki ya kukatia nguo. Akasimama juu ya alama.

"Huyu hasikii?" mwenye duka akauliza.

"Hasikii. Anataka kumwona mkalimani."

Yule mama akafunga mfuko wake wa njugu. Akatafuta waya wa antena, akaugawanya kwa kile kiungo kinachotoa njia tatu, na kuunganisha runinga tatu: moja ya inchi arobaini ambayo ingenibakishia mia tano tu, na mbili za thelathini na mbili. Ya nne ilikuwa ya bei kubwa, tukaiacha. Ilimchukua muda, na alipomaliza msomaji wa taarifa alikuwa ameshaanza.

Mkalimani akatokea mara tatu, mtu yule yule, koti lile lile, kwenye kona tatu.

Mimi macho yangu yaliganda kwenye ya arobaini. Ilikuwa kubwa, na ilikuwa karibu sana na kile nilichokibandika ukutani. Nilimpungia mdogo wangu: ile! Yeye aliiangalia hiyo kwanza kwa muda mrefu, mikono yake ikitembea kidogo mbele ya tumbo, kama mtu anayesoma akitikisa midomo. Akahamia ya pili. Akatikisa kichwa, uso wa mkalimani ulikuwa mweusi tii, hauonyeshi kama anauliza au anakataa, na kwa wanaotumia ishara uso ni nusu ya maneno. Akahamia ya tatu.

Kisha akaniambia nisikilize taarifa vizuri, tulinganishe. Yeye angenieleza anachosoma, mimi ningemwambia kama ndicho kilichosemwa. Kwenye ya arobaini alisoma habari ya wakulima wa miwa, akaniambia wamengoja malipo miezi sita. Msomaji alikuwa amesema minane. Alisoma kituo fulani cha afya kuwa hakina madaktari. Kilichokosekana kilikuwa dawa. Akahamia ya tatu, ile ndogo. Habari ya mtihani, sawa. Ya bei ya unga, sawa mpaka shilingi. Ya daraja lililofungwa, sawa, na akaniambia hata jina la mto kabla sijalishika vizuri.

"Hii," alisema, akiionyesha ndogo.

"Ni ndogo!"

"Ile kubwa mkono ukikimbia vidole vinaungana. Vinakuwa kama maandazi."

"Lakini kutoka kwenye kochi hutaona! Nilipima!"

"Kiti nitakisogeza," alisema. "Vidole vikiungana, nitavitenganisha na nini?"

Nilibishana naye. Nasema kweli, tulibishana pale kwenye veranda kwa mikono mikubwa, waendesha boda boda wakituangalia kama watu wanaotazama mpira, mmoja akimuuliza mwenzake nani anashinda. Mimi nilitaka kubwa. Nilikuwa nimeiwaza wiki nzima, nimeibandika ukutani, nimeifuata Malaba. Nilitaka akiiona asahau ile saa nzima. Na alipoona nimesimama tu sina hoja nyingine, alinishika mabega, akanisimamisha juu ya alama ya chaki, akanigeuza kuelekea ile ya arobaini, na kusema, "Usisikilize. Angalia vidole."

Nilijaribu kuziba masikio na kuangalia. Na kwa mara ya kwanza tangu nijifunze ishara nilimwangalia yule mkalimani kama mtu anayemtegemea. Namba ilipita, sikuiona. Ilikuwa ukungu tu wa rangi ya ngozi. Nikageukia ndogo, nikangoja namba nyingine. Niliiona, kidole kwa kidole.

 Nilienda kwenye kaunta.

Mwenye duka alitaka elfu kumi na tano. Nikamwambia kumi na tatu. Akaniuliza kama najua ni muda gani watu wa boda boda wamezuia mlango wake kwa ajili yetu. Tukaishia kumi na nne, na risiti, na waranti ya mwaka mmoja iliyopigwa muhuri. Nikaongeza pesa ya antena na ya kile kifaa cha kulinda runinga umeme unapopanda na kushuka, maana umeme wa mtaa wetu tunaujua. Alipokuwa akiandika risiti alisema, bila kuinua kichwa, "Nimeuza TV miaka mingi. Huyu mtu wa kona sijawahi kumwangalia hata siku moja."

"Hata mimi," nikasema.

Mume wangu aliutoboa ukuta jioni hiyo hiyo. Alitaka kuiweka runinga juu, karibu na dari, mahali ambapo watu wengi huweka, ili isiguswe. Mdogo wangu akamzuia kwa kumshika kiwiko. Akaketi, akaonyesha mstari wa macho yake, na fundi wa mawe akafuata mstari wa fundi wa nguo. Kochi tukalisogeza mpaka futi sita. Sebule yetu sasa ina nafasi kubwa isiyo na kazi nyuma ya kochi, na mtu akiingia hushangaa mbona tumekaa mbele kama watu walio kwenye mkutano. Karatasi zangu za kaki nilizibandua, nikakatia mifuko ya kaptura.

Taarifa ya kwanza kwenye runinga mpya, nilitegemea mdogo wangu ataguswa. Nilikaa pembeni nikimwangalia yeye, si taarifa. Dakika tano alimfuata mkalimani kwa macho. Dakika ya sita akaanza kugombana na mkalimani. Alisema anakimbia sana. Alisema ishara anayotumia kwa neno kaunti ni ya watu wa Nairobi, shuleni kwao hawakuisema hivyo. Alisema amekula sentensi nzima kuhusu hospitali, ameiruka kwa sababu ni ndefu. Mume wangu aliuliza anasema nini, nikamweleza, akacheka hadi akakohoa. Na mdogo wangu akatugeukia kwa hasira na kutuambia tuache kucheka, anasoma.

Ovaloki hatukuipata mwaka huo. Tuliendelea kubeba sketi kwa jirani jioni baada ya jioni, hata mvua ikinyesha, na Januari, msimu wa sare, tulilala saa chache sana. Sikujuta, ingawa kuna siku mabega yaliponiuma nilihesabu vipande tulivyolipia na kukunja uso. Mashine tulinunua baadaye, ya mitumba, na mdogo wangu ndiye aliyeichagua. Aliweka viganja viwili juu ya meza yake ikizunguka na kusema kwamba hii haitetemeki vibaya.

Mama alikuja kukaa nasi wiki mbili baada ya maji kupungua, kisha akarudi Budalang'i. Tulimsihi abaki, akakataa. Alisema shamba haliwezi kujipanda lenyewe, na kuku wapya ameshaahidiwa. Alipokuwa kwetu aliketi jioni kando ya mdogo wangu, akiangalia mikono yake badala ya runinga. Hakuwahi kujifunza ishara zaidi ya zile za nyumbani, za kula, kulala na kuja. Siku ya pili aliniita jikoni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe anajua mambo ya serikali?"

"Anajua kuliko mimi," nikamwambia.

Na bado si mambo yote yamenyooka. Stesheni moja huweka mkalimani kwenye taarifa ya mchana na kumwondoa jioni. Nyingine hupitisha maandishi ya matangazo juu ya mikono yake. Hotuba za dharura huja bila mkalimani kabisa, na siku hizo mimi ndiye ninayesimama kando ya runinga nikitafsiri mpaka mikono inauma, mdogo wangu akinisahihisha.

Aliandikia stesheni ile ya matangazo kwa simu yake, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, akawaambia kisanduku kiongezwe ukubwa na maandishi yapite juu, si chini. Walimjibu wakimshukuru kwa kuwatazama. Maandishi hayakuhama. Akaandika tena, akaambatanisha picha aliyoipiga sebuleni, mikono ya mkalimani imefunikwa na tangazo la sabuni. Hakujibiwa. Wiki iliyopita ameandika ya tatu, na safari hii amewaomba marafiki wake aliosoma nao, mmoja wa Bumala na wengine wanne, waandike pia. Alipomaliza alinionyesha barua, nikamwambia sehemu moja ni kali mno, wataudhika.

Aliisoma tena ile sehemu, akafikiri, akaongeza neno moja la kuifanya kali zaidi, akaituma.